Nilisema Karibu, Akaja na Kiti Chake

Zaituni mwanangu,

Nina miaka sabini na sita. Nimeishi kuliko kaka zangu wote, nimeishi kuliko mama yako, Mungu amrehemu, nimeishi kuliko lile ghala la kufungia chakula cha abiria wa ndege lililonivunja mgongo hapa Hayes, maana lenyewe limebomolewa na mimi bado nakunywa chai. Yule daktari aliyesema nikiendelea na chumvi sitafika mbali, yeye sasa amestaafu na anatembelea fimbo. Mimi sina fimbo. Kwa hiyo unaposoma haya usiseme mzee amechoka. Sijachoka.

Najua utashangaa. Baba yako na kalamu, wapi na wapi. Nilichosoma ni ngumbaru tu, kule Tabora, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yamefika kidevuni, mwalimu binti wa rika lako. Lakini mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasa zima kuandika jina langu bila kutazama ubao. Herufi zangu ni kubwa na zinakwenda kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Wewe zifuate tu, zitafika.

Naandika kwa sababu tangu turudi kutoka Kopenhagen mimi na wewe hatujakaa sawa. Unanisalimia, unaniuliza kama nimekula, unaniambia dawa ziko kabatini. Lakini lile neno ulilonitamkia barabarani, nje ya mkahawa, hakuna aliyeligusa tena. Kesho unapanda ndege kwenda kuanza kazi ya uuguzi huko huko, na sasa hivi uko Kingsbury unaaga rafiki zako, nyumba iko kimya, nimepata nafasi. Ulisema, kwa Kiingereza chako cha hapa, "Baba, nikihamia huku, wewe usije. Mimi ndiye nitakayekuja kukuona." Kisha ukatangulia mbele, na mimi nikakufuata nyuma kama mzigo.

Sitakuambia uvae soksi nzito, wala usome Kidenmark kila siku, wala ufunge mlango mara mbili. Hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kusema habari ya kiti.

Kwanza nikubali kwamba ule mji ni mji. Mimi nimekaa London miaka mingi kuliko niliyokaa Tabora, sibabaishwi na majengo. Lakini asubuhi ya kwanza tulipotoka hotelini nilisimama. Watu wamejaa barabarani, na kelele hakuna. Nikaona ni baiskeli. Mwanamume kavaa suti na tai, kwenye sanduku la mbele kapakia watoto wawili na vitunguu, anaendesha kama anakwenda kutawazwa. Kwetu mtu akipata cheo, kitu cha kwanza anachoacha ni baiskeli. Hawa wamepata kila kitu, wakaipanda tena. Nilipenda. Sikukuambia, kwa sababu ulikuwa unanitazama kwa pembe ya jicho uone kama nitapenda.

Halafu zile taa. Gari hakuna upande huu wala ule, na watu wamesimama wima kwenye taa nyekundu kama wamo kwenye swala. Mimi nikavuka. Bibi mmoja akanifokea kwa lugha yao, nikamjibu kwa Kinyamwezi, tukaelewana kabisa.

Ndipo tukafika kwenye kile kigari cha mtoto. Kimeegeshwa nje ya duka la kahawa, ndani yake kichanga kimelala, kipua kimekuwa chekundu kwa baridi, na mtu hakuna. Nikasimama.

Ukasema, "Baba, twende. Huku ndivyo wanavyofanya. Mama yake yuko ndani, na hewa baridi inawalaza vizuri."

"Na akiamka?"

"Atamsikia."

"Na mwizi?"

"Baba, plizi."

Nikakuambia wewe tangulia, mimi namngoja mwenye mtoto. Nikasimama pale mikono nyuma kama askari wa benki. Mama wa watu akatoka, akaniona nimemsimamia mwanawe, akapiga ukelele, maana sasa mwizi ni mimi. Ulimweleza wewe, uso umekuiva. Yeye alicheka, akanishika mkono akaniambia asante. Wewe hukucheka.

Na mimi nakuambia leo, nikikikuta tena kile kigari nitasimama tena. Mji ambao mtoto analala nje bila mlinzi ni mji mzuri, nimekubali. Lakini mtoto akipata mlinzi wa ziada hajapungukiwa kitu.

Jioni ukanipeleka kula. Najua ulivyohangaika kupata nafasi pale, na najua kwa nini. Ulitaka nione kwamba huendi kutupwa, unakwenda kwa watu wanaojua kuishi, ili nikupe radhi kwa moyo mmoja. Mlangoni nikaona mishumaa kila meza, na nje jua bado linawaka. Nikamwambia yule dada wa kuhudumia, pole sana, umeme umekatika tangu lini? Akanitazama. Ukanivuta koti. Sasa mimi nimekulia mahali ambapo mshumaa mezani una maana moja tu, nitajuaje kwamba kuna watu wanaouwasha kwa raha zao, mchana, na umeme upo?

Tukakaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa chakula, likaja jiwe. Juu ya jiwe kuna jani, juu ya jani kuna sisimizi. Yule dada akaeleza kwa upole kwamba wana uchachu kama wa limau. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, ukadhani nawadharau. Mimi? Mimi nimezoa kumbikumbi kwa mikono miwili baada ya mvua, bibi yangu akawakaanga kwa chumvi, nikala mpaka nikalala palepale. Nilipofika nchi hii habari hiyo niliificha, wasije wakaniita mshenzi kazini. Kumbe ningesubiri tu, wangekuja wenyewe kuwapanga juu ya jiwe na mishumaa pembeni. Wakaleta uyoga wa msituni, nikaujua kwa harufu haujafika mezani. Wakaleta samaki wa kulowekwa kwenye siki, akanishinda, nikammeza kwa ubishi. Wakaleta asali. Nikakuambia, Zaituni, hawa ni Wanyamwezi waliokosa jua. Ulitabasamu hapo. Usikatae.

Kilichonikera ni kimoja. Kila mtu kaletewa kidogo chake katikati ya sahani kubwa, kama zile trei nilizokuwa nafunga ghalani. Kisamaki chake, kijiuyoga chake, kijisiagi chake, visije vikagusana na vya kiti cha pili. Nimelisha watu wa angani kwa mikono hii mpaka vidole vimepinda, na ndege za Kopenhagen zilikuwemo. Chakula cha mtu peke yake nakijua kinavyofanana.

Sasa meza ya jirani, karibu kiasi cha kupeana chumvi, alikaa yule mzee. Mrefu, mwembamba, masikio makubwa, sweta ya kijivu imeshonwashonwa kiwikoni. Yuko peke yake. Mbele yake kuna kiti kitupu, na juu ya kiti ameweka kofia yake, imekaa kama mtu. Macho yetu yakakutana mimi kijiko kiko njiani.

Nifanyeje? Mtu amekuona unakula. Nikasema, "Karibu," nikaonyesha meza kwa mkono wazi kama nilivyolelewa.

Wewe umezaliwa hapa, jambo hili unalijua nusu. Kwetu anayekula humkaribisha anayemwona, na anayekaribishwa hujibu asante, nimetoka kula sasa hivi, hata kama tumbo linanguruma. Basi, kila mmoja ametimiza wajibu wake, mwenye kula anaendelea, mwenye kupita anapita. Yule mzee hakujua jibu. Aliinuka. Aliichukua kofia akaivaa, akashika kiti chake yeye mwenyewe kwa mikono miwili, akaja nacho.

Sikufichi, nilishtuka. Mkahawa mzima uligeuka. Yule dada alisimama na chupa mkononi hajui amimine wapi. Na wewe ukafunika uso kwa kiganja cha kushoto, ukamwambia mzee wa watu kwa sauti ya chini, ukidhani sisikii, "Samahani, ni adabu tu. Hana maana hiyo."

Akasimama na kiti hewani. Hakukiweka chini, hakurudi nacho. Masikio yake yakawa mekundu.

Kiingereza changu mimi ni cha ghalani, leta, sukuma, angalia mguu wako. Lakini hapo kilinitoka chote. Nikamwambia, "Nina maana hiyo. Kaa."

Akakaa.

Nje ulinilaumu kwa nini sikukuacha uniokoe. Sikukujibu barabarani. Jibu ni hili, na ni refu.

Mwaka wangu wa kwanza ghalani, wakati wa kula, nilikuwa nafungua ugali wangu na maharage ya mama yako, nasema karibuni. Wale wenzangu walinitazama kama ninayeuza kitu. Msimamizi akaniambia hapa kila mtu na kisanduku chake. Nikaendelea. Siku moja kijana akanijibu, mzee, hakuna anayetaka hicho, wakacheka. Mimi, Kasimu, ambaye Tabora nikikaa kula wapita njia walikuwa wanazunguka njia ya pili kwa kuogopa kushikwa mkono wakalishwa. Basi nikageuza kiti nikatazama ukuta. Nikajiambia hawa hawanistahili. Nikala nikitazama ukuta mpaka nikaujua kila ufa wake.

Hilo ndilo kosa langu, Zaituni, na silisemi kwa kulia. Sikukosea kukaribisha. Nilikosea kuwaamini wao.

Maana ukuta ule nilikuja nao nyumbani. Wewe ulikuwa mdogo, kichwa kinafika juu ya meza kwa shida. Mama yako alikufundisha mtoto hakai mezani mpaka mkubwa amkaribishe. Jioni moja nimekaa nakula, kichwa kimeinama, naye akaniambia kutoka jikoni, sauti haikupanda wala haikushuka, "Baba Zaituni, mtoto amesimama." Nikainua macho. Umesimama na sahani yako ya wali, umeishika kwa mikono miwili, hukuiweka chini wala hukurudi nayo. Unangoja neno. Na wali ulikuwa umeshaacha kutoa moshi.

Nimewaona watu wawili tu maishani mwangu wamesimama hivyo. Wa kwanza ni wewe.

Kesho yake nikageuza kiti changu ghalani kikatazama watu. Nikasema karibuni kwa sauti kubwa kuliko zamani, wakakasirika, wakazoea. Ndipo siku moja akaja mfanyakazi wa upande wa pili wa ghala, Singasinga, kilemba cha bluu, akasimama mbele ya ugali wangu akajibu kwa Kiswahili, "Asante sana. Na mimi sijakula." Akavuta kiti. Huyo ndiye Harjit unayemjua, mzaliwa wa Nakuru. Alikuwa anajua vizuri kwamba jibu la adabu ni kukataa. Alikataa kukataa. Akaniambia, "Zamani nilikuwa nakuona, ulikuwa unakula ni kama umeiba hiyo chakula." Tangu siku ile hajaacha kula kwangu wala kunitukana.

Kwa hiyo yule mzee aliposimama na kiti hewani, mimi ningemrudishaje? Kwa ajili ya watu wa meza nyingine? Watu wa meza nyingine mimi nimewashinda zamani.

Na uliyasikia mwenyewe tuliyozungumza, kwa Kiingereza chetu cha kubahatisha. Aliniuliza nimesema neno gani, nikamfundisha. Anaitwa Jens, alikuwa anaendesha winchi bandarini. Akasema, "Siku hii kila mwaka nilikuwa nakuja hapa na mke wangu. Mwaka wa tatu sasa nakuja na kofia."

Kisha akauliza, "Na mimi ningekukaribisha wewe, ungejibu nini?"

"Ningesema nimeshiba."

"Hata ukiwa na njaa?"

"Hasa nikiwa na njaa."

"Nyinyi ni watu wagumu," akasema, akatia uyoga wangu mdomoni.

Tukacheka wazee wawili mpaka mishumaa ikataka kuzimika. Wewe ulikuwa unatazama saa.

Nje ndipo uliponiambia nisije. Na ukaongeza maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Ulisema, "Hapa Hayes maisha yangu yote nimekuwa binti wa yule mzee. Huko nataka niingie mahali na mtu asigeuke." Nakuelewa. Usidhani sikuelewi. Na mimi nilikuja nchi hii nikitaka hivyo hivyo, na nilichotaka nilikipata. Ukuta haugeuki kukutazama.

Nilipomsimulia Harjit, tuko Southall kwenye benchi tunakula jalebi, vile vitamu vya sukari alivyokatazwa na daktari, aliweka chini mfuko akasema, "Ngoja. Mtoto amekukataza kuja, na wewe umenyamaza? Wewe? Hiyo siku jua lilitoka wapi?"

Nikamwambia nilikuwa natafuta maneno.

"Na umeyapata?"

"Nayaandika."

"Mungu amsaidie huyo msichana," akasema, "na hiyo mwandiko yako."

Sasa maneno ni haya. Ninachokitaka ni kimoja na nakisema wazi: nikibisha mlango wako huko, ufunguke. Sikuombi. Baba haombi mlango. Nakuarifu tu kwamba nakuja kabla ya baridi kali, tiketi nimeshakata, Harjit ndiye aliyebonyeza kwenye simu yake na mimi nikasimamia. Nitavuka kwenye taa zao nikiona hakuna gari. Nitalinda kigari chochote nitakachokikuta kimeachwa. Nitakaa mkahawani, na mtu akinitazama nakula nitamkaribisha, akija na kiti aje, akija na watu wake aje nao.

Ukinifungia, sina neno, maana nina pa kulala. Jens aliniandikia namba yake kwenye karatasi ya kufutia mdomo, nawe hukuona, ulikuwa unatafuta koti. Kila Jumapili tunaongea, Harjit akiwa pembeni anatafsiri na kuongeza ya kwake. Amesema ana chumba kinachotazama barabara ya baiskeli. Nitakaa dirishani nikupungie mkono kila asubuhi ukienda kazini. Hapo sasa utaona kutazamwa ni nini.

Na Jumapili hii, amesema, atapika samaki wake wa siki, atatenga mezani sahani mbili. Ya pili ni yako, kama unataka. Hatakuja kukupokea wala hatakupigia, nimemkataza, nimemwambia binti yangu si mtu wa kusukumwa, amemrithi babaye. Anuani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukiitupa, umeitupa wewe, si mimi.

Radhi yangu unayo. Ulikuwa nayo kabla ya lile jiwe na wale sisimizi, ulikuwa nayo tangu siku ile ya wali uliopoa. Nenda kafanye kazi, uwashe mishumaa mchana kama unapenda. Lakini usije ukaniambia kwamba nilikuaibisha pale mezani, kwa sababu sikubali, na nina mashahidi.

Habari za ghala na za ukuta, kamuulize Harjit wa Southall, atakusimulia kwa matusi lakini atasema kweli. Habari za kiti, yuko Jens, ndiye aliyekibeba. Yule dada wa mishumaa naye alikuwepo, chupa mkononi. Na kama wote hao huwaamini, ukasema ni wazee wanaosaidiana kutia chumvi, shahidi wangu wa mwisho unaye wewe. Ni mkono wako wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umefunika uso, kweli. Lakini mkate ulipoletwa, mkate wa watu wawili, ule wa kulia ulitoka wenyewe, ukaumega, ukaweka kipande mbele ya mzee wa watu, na mdomo wako, ambao tangu uanze shule unanijibu kwa Kiingereza tu, ukasema karibu. Hukujijua. Mimi nilisikia, na Jens alisikia, ndiyo maana alikula.

Uulize huo mkono. Kesho jioni utakuwa umeshika ufunguo wa mlango wako.

Baba yako,
Kasimu wa Tabora,
Hayes